Kishindo Kinachowakimbia Wanaume

"Bibi, ukifunga mfereji, yale maji yaliyokuwa njiani yanakwenda wapi?"

Nilikuwa mdogo, nimesimama juu ya kigoda kando ya sinki ya ukumbini, na Bibi Masouda anatia udhu. Hakunijibu. Bibi akiwa katika udhu hasemi na mtu. Aliendelea na utaratibu wake: anafungua, anateka maji ya kiganja, anafunga, ndipo anaosha uso. Anafungua tena, anateka, anafunga, ndipo anaosha mkono. Tone moja halipotei. Alipomaliza mpaka miguu ndipo akanigeukia.

"Maswali yako haya kamuulize mwalimu wako. Mie nna sala."

Mwalimu nilimuuliza. Akaniambia nikae chini.

Bibi Masouda ni mama yake mama yangu. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati bado msichana, Kiarabu chake ni cha kuombea maji tu, lakini Kiingereza alikuwa nacho, basi akapata kazi ya kupokea simu katika hospitali moja. Alikaa kwenye mashine ile mpaka akastaafu. Madaktari aliwajua kwa pumzi. Mtu akipiga, akinyamaza kidogo kabla ya kusema, yeye keshajua ni nani na anamtaka nani. Mpaka leo ukimpigia huna haja ya kujitaja. Na ukimdanganya kuwa uko nyumbani kumbe uko dukani, atakuuliza nyanya zikoje.

Mtu mwenye masikio hayo ndiye ambaye mwanawe alimwambia kwamba anasikia vitu visivyokuwapo. Nataka msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu mimi mpaka leo likinijia kichwani nahisi joto la masikio.

Nyumba yake iko Al Hail. Waliijenga yeye na Babu. Tangu Babu alipofariki anakaa peke yake, ila mimi na Mama tuko mtaa wa pili, na basi la shule hunishusha kwake mpaka Mama atoke kazini. Mjomba Marhoon, mwanawe mkubwa, ana nyumba ya ghorofa Al Khoudh. Chini ya nyumba hiyo kuna chumba amekipaka rangi ya maziwa, akatia kitanda, zulia na televisheni pana. Kinaitwa chumba cha Mama. Bibi mwenyewe hajalala humo hata usiku mmoja.

Kila Ijumaa, wali ukishaliwa, Mjomba huanza.

"Mama, utakaa peke yako mpaka lini?"

"Peke yangu nnakaa saa ngapi? Nyinyi hamwondoki hapa."

"Nasema usiku, Mama."

"Usiku nnalala. Hata huko kwako ntalala."

Mjomba si mtu mbaya, tafadhali. Ni mtu wa wizarani, anapenda mambo yawe yamepangwa. Bibi alipokwenda Umra mwaka huu, Mjomba akaona ndiyo nafasi ya kumpa furaha ya ghafla. Akaweka pampu mpya juu ya paa, kando ya tangi, yenye nguvu kweli kweli. Akang'oa mifereji yote mikuukuu ya bafuni na ya sinki ya ukumbini, ile ya kuzungusha, akaweka mipya inayong'aa, ya mkono mmoja wa kunyanyua na kushusha. Jikoni hakugusa, kwa sababu jikoni kwa Bibi hata kuhamisha kijiko ni kesi. Bibi aliporudi aliitazama ile mifereji, akasema Mungu akulipe mwanangu, na mikuukuu akaiokota kwenye takataka akaihifadhi stoo. Bibi hatupi kitu.

Baada ya hapo kikaanza kishindo.

Mara ya kwanza nilipokisikia nilikuwa jikoni natafuta cha kula. Adhana ya Alasiri imekwisha, Bibi yuko ukumbini, mimi nimefungua friji. Mara, PAA! Ndani ya ukuta. Kama mtu kapiga sufuria kubwa ya pilau kwa mchi. Vifuniko vikatetema rafuni. Kikafuata kingine, na kingine, kisha kimya. Nikatoka mbio, nikamkuta Bibi anapangusa mikono.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia! Nini hicho?"

"Alhamdulillahi," akasema. "Nlidhani mie tu. Kinanisubiri mpaka niwe katika udhu, kwa sababu kinajua sitosema kitu."

Sasa hapo ndipo yalipoanza maudhi.

Fundi wa kwanza alikuja asubuhi. Akasema ni hita, hita zikizeeka hujaa chokaa, maji yakichemka hugonga. Bibi akamwambia hita imezimwa tangu joto lilipoingia, na ukitaka maji ya baridi katika nyumba hii fungua upande mwekundu, maana ya upande wa buluu yanatoka moja kwa moja kwenye tangi la paani lililo juani na yatakubabua. Kila nyumba Maskati iko hivyo msimu wa joto. Fundi akatikisa kichwa, akasema bado anaamini ni hita.

Fundi wa pili akalaumu pampu. Bibi akafurahi, kwa sababu na yeye alikuwa akiilaumu pampu. Wakapanda juu, wakaiwasha, wakaizima. Inanguruma kama paka aliyeshiba. Mjomba akaudhika kwa niaba ya pampu yake.

Fundi wa tatu alikuwa Yaqoob, Mbaluchi wa Matrah, mzungumzaji. Alizunguka nyumba nzima. Mfereji wa ukumbini aliunyanyua, akausikiliza, akaushusha kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Kimya. Adhana ya Adhuhuri ikalia. Akaweka spana zake chini, akaenda msikitini. Hajafika kona ya mtaa, PAA! PAA! Bibi akamaliza udhu wake akatoka mpaka uani na kanga kichwani kumwita, lakini keshapotea. Aliporudi, Bibi keshasali, nyumba imetulia kama kaburi.

"Hamna kitu, mama," Yaqoob akasema kwa Kiarabu.

"Kilikuwapo sasa hivi!"

"Inshallah hakitarudi."

Ikawa hivyo kila siku. Mafundi wakiwapo, hakuna. Mjomba akiwapo, hakuna, kwa sababu Mjomba naye adhana ikilia hutia saa mfukoni na kwenda msikitini, na Ijumaa huja kwetu sala imeshasaliwa. Wakiondoka tu, kinapiga. Mama akasema labda ni jini jike, lina haya na wanaume.

"Jini gani atakayemkimbia Marhoon?" Bibi akasema. "Ila ukimfikiria na hotuba zake, hata mie nngelikimbia."

Nikaamua kutafuta mwenyewe kwenye simu. Nikakuta maandishi marefu ya watu wa nchi za baridi, ambao nyumba zao zina mabomba ya maji moto ukutani ya kupasha vyumba joto, na mabomba hayo nayo hugonga. Nikamsomea Bibi yote: hewa ikiingia, chokaa ikijaa, bomba likitanuka kwa moto. Alinisikiliza mpaka mwisho akijipepea na ubao wa kukatia mboga.

"Kupasha nyumba joto," akasema. "Hapa. Kichaa n'nani, mie au hao?"

Nikakirekodi. Nilikaa jikoni na simu mkononi mpaka Alasiri, nikakipata kizima kizima, nikamtumia Mjomba. Akajibu: "Si mlango wa jirani huo?" Nikakisikiliza tena na kweli, kwenye simu kile kishindo cha kutikisa vifuniko kimetoka kitu kidogo, *tk*, kama ulimi. Nilitaka kuitupa simu dirishani. Nikamwambia mimi nimekisikia kwa masikio yangu. Akajibu kwa picha ya uso unaocheka, na neno "bibi na mjukuu".

Kisha akampeleka kupimwa masikio. Bibi alikwenda kwa heshima ya mwanawe. Daktari akasema masikio yake ni ya msichana. Nilikuwa nyuma ya gari wakati wa kurudi, nikadhani sasa yamekwisha. Mjomba aliendesha mpaka taa nyekundu, akasema taratibu, "Basi labda si masikio, Mama."

Bibi akageuzia uso dirishani. Alitazama nje mpaka tukafika.

Alipoingia ndani alivua viatu akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kile cha kuwekea mikoba. "Watu wakipiga simu usiku wamechanganyikiwa," akaniambia, "nlikuwa nikiwasemeza kwa sauti ile ile. Polepole. Tamu. Naijua vizuri sauti ile."

Likaja na la Qurayyat. Dada yake anakaa huko, alikuwa na harusi ya mjukuu, Bibi akaenda kukaa naye. Mimi nikapewa kazi ya kumwagilia mimea na kusikiliza. Nilisikiliza Alasiri, nilisikiliza Magharibi. Hakuna. Siku zote alizokuwa huko, hakuna hata kimoja. Mjomba aliponiuliza nikasema kweli. Ningesema nini? Akatikisa kichwa kwa huzuni, na nikaona amelipata alilokuwa akilitafuta: Bibi akiondoka, kishindo kinaondoka naye. Kwa hiyo kiko kichwani mwake.

Akamwita Mama, wakazungumza jikoni, mlango umefungwa. Ikaamuliwa: Idi Kubwa ikipita, Bibi anahamia Al Khoudh, nyumba inafungwa. Mama alitoka macho mekundu. Bibi aliporudi akaambiwa. Alimsikiliza Mjomba mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na kikipiga ukakisikia wewe mwenyewe?"

"Nikikisikia mimi, Mama, wallahi sitalitaja tena neno la kuhama."

"Shatha, umemsikia?"

"Nimemsikia, Bibi."

"Khalas."

Jumamosi kabla ya Idi, Mjomba akaja na Yaqoob. Yaqoob kwa ukaguzi wa mwisho, ili dhamiri ya Mjomba itulie. Na kwenye gari, maboksi matupu ya kupakilia. Aliyapanga ukumbini kimya kimya, kama mtu anayeingiza mbuzi nyumba ya watu wasiopenda mbuzi. Yaqoob akapanda paani, akashuka, akagonga kuta, akafungua mifereji, akaifunga kwa kile kidole chake cha adabu. Kimya. Adhana ya Adhuhuri ikalia. Wote wawili wakainuka.

Bibi alikuwa keshasimama mlangoni, mgongo kwenye kitasa.

"Leo hatoki mtu."

"Mama, sala ya jamaa itatupita."

"Jamaa ni nyinyi wawili. Wewe imamu, huyu maamuma, na mie na Shatha nyuma. Udhu mtatia hapa hapa."

"Mama, msikiti..."

"Msikiti haukimbii, Marhoon. Kishindo ndo kinakimbia."

Yaqoob alimtazama Mjomba. Mjomba alitazama dari. Kisha Yaqoob, ambaye naye bila shaka ana mama, akakunja mikono ya kanzu akaenda sinki.

Aliunyanyua mfereji mpaka mwisho, maji yakatoka kwa nguvu yote ya pampu ile. Akaosha mikono, maji yanakwenda. Akasukutua, maji yanakwenda. Akaosha uso huku anavuta pumzi, maji yanakwenda. Bibi alikuwa amekaa na tasbihi, anatazama. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nimetega sikio ukutani. Hakuna. Yaqoob akaufunga kwa kidole. Hakuna.

Akaingia Mjomba. Yeye hata zaidi: aliuacha wazi tangu alipoanza kutafuta pa kuweka saa yake. Akaosha, akaosha, maji yanabubujika kwenye sinki mpaka yakarukia maboksi. Akamaliza, akaufunga taratibu, akageuka.

"Mama," akasema, kwa sauti ile. Polepole. Tamu. "Umesikia? Kimya."

Bibi hakuwa akisikiliza ukuta. Alikuwa akitazama sinki, na uso wake umebadilika kabisa.

"Marhoon. Nani alokufundisha kutia udhu hivi?"

"Vipi?"

"Maji yote haya! Mkono mmoja tangi zima! Mie nlikulea hivi? Baba yako alikuwa anatia udhu kwa kopo moja, na akibakisha anamwagilia mlimau!"

"Mama, hatuzungumzii..."

"Sogea! Sogea nikuonyeshe, mtu mzima na ndevu zako. Na wewe Yaqoob tazama, na wewe hujui."

Akamsukuma kwa kiwiko. Akaunyanyua mfereji.

"Unafungua. Unateka."

Kiganja cha kulia kimejaa maji. Kwa kisigino cha kiganja cha kushoto akaushusha ule mkono wa mfereji, mara moja, kwa ukali wa mtu anayefundisha.

"Unafunga."

PAA!

Vifuniko vilirukaruka rafuni. Yaqoob aliinama, mikono kichwani. Mjomba alikanyaga boksi likabonyea.

"Mmesikia?" Bibi aliruka mzima mzima, maji yanammwagikia kifuani. "Mmesikia? Shatha! Si hicho?"

"Ndicho, Bibi!"

"Si hicho, Marhoon? Mlango wa jirani huo? Eh? Ngoja, ngoja nimalize mkono, kitakuja tena, nakijua." Akafungua, akateka, akafunga. PAA! "Hicho! Cha pili!" Akafungua, akateka, akafunga. PAA!

Hapo akasita. Akautazama mfereji. Akautazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado juu yake. Akaunyanyua bila kuteka kitu, akaupiga chini.

PAA.

"Ah," akasema Bibi.

Mjomba alikaa juu ya boksi lililobonyea, likazama naye mpaka sakafuni, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanzu, kisha nikaona machozi mengine si ya kicheko.

"Cheka," Bibi akamwambia. "Cheka vizuri. Mwendawazimu n'nani sasa?"

"Nisamehe, Mama."

"Nshakusamehe. Ila siku nyingine funga mfereji."

Walisali pale pale ukumbini, Mjomba imamu. Baada ya salamu Yaqoob akatueleza kwa mikono zaidi kuliko maneno. Pampu mpya inayasukuma maji mbio. Mfereji mpya unayafunga kwa pigo moja. Maji yaliyokuwa yakikimbia yanagota, nguvu yote inarudi kwenye bomba, na bomba la nyuma ya ukuta wa jikoni limelegea siku nyingi, basi linapiga matofali. Mfereji wa zamani ulikuwa wa kuzungusha, unayasimamisha kidogo kidogo, kwa hivyo miaka yote hakuna aliyesikia kitu. Akasema ipo namna ya kuvunja ukuta na kulibana bomba, ipo namna ya kupunguza nguvu ya pampu. Au, akasema, na hapa alikosea, mama aache tu maji yatiririke akitia udhu, kama watu wote.

Bibi alimtazama mpaka akajishughulisha na spana zake. Kisha akaenda stoo, akarudi na mfuko wa mchele, akautoa mfereji mkuukuu, umefungwa kwa kitambaa.

"Nirejesheeni huu."

"Mama," Mjomba akasema, "ule mpya wa Kitaliano!"

"Basi urudishe Italia."

Yaqoob akaufunga mahali pake siku ile ile. Alasiri ilipofika, Mjomba hakwenda msikitini. Alisimama jikoni na mimi, sikio ukutani, kanzu imelowa magotini kwa kumshikia Yaqoob spana. Tulimsikia Bibi akizungusha mfereji unalia *kwii*, maji, *kwii*, kimya. *Kwii*, maji, *kwii*, kimya. Ukuta haukusema kitu. Mjomba aliyachukua maboksi yake, akayatia kwenye gari bila kuambiwa. Moja niliomba mimi, la vitabu.

Ijumaa iliyofuata Idi, wali ulipokwisha, alifungua mdomo. Sote tukamtazama. Bibi aliinua kidole tu.

"Nilitaka achari," Mjomba akasema.

Jioni ya siku hiyo nilikaa ukumbini nikimtazama Bibi anatia udhu wa Magharibi. Sasa mimi ni mrefu kumpita, kigoda kimeshavunjika zamani. Alizungusha, akateka, akazungusha, hakuniangalia hata mara moja mpaka alipomaliza miguu. Akachukua taulo.

"Wewe si uliniuliza swali hapa," akasema, "ukiwa mdogo hivi, hujui hata kufunga viatu?"

"Swali gani, Bibi?"

"La maji. Ukiyafunga yanakwenda wapi."

Nilikuwa nimelisahau. Nikasema ndiyo, na nilimuuliza mwalimu, akaniambia nikae chini.

Bibi akajifunga kanga kichwani, akaelekea kwenye msala wake.

"Hayaendi popote," akasema. "Yamo humu humu nyumbani. Ukiyafungia ghafla ndo hupiga makelele."